Picha Sitini kwa Sekunde

Kabla sijaeleza nilichomfanyia mume wa mama yangu mdogo, mjue kwanza kwamba mimi ni Kanali. Cheo nilijipa mwenyewe, bila mutu kunisukuma, mu kikundi chetu cha WhatsApp kinachoitwa Etat-Major ya Keshero, yaani makao makuu ya jeshi ya mtaa wetu hapa Goma. Tuko watu kumi na wanne: majenerali watatu, makanali kumi na mmoja, askari wa kawaida hakuna hata mmoja. Kompyuta tuko nayo moja, na si yetu. Ni ya Buhendwa, mwenye chumba cha michezo karibu na barabara. Buhendwa ana televizioni mbili za watoto wa michezo ya mupira, ndizo zinamulisha, na kompyuta moja ya kona anayotuachia sisi kwa huruma.

Kwenye kompyuta hiyo ndipo tulijifunza vita. Mchezo wenyewe unaitwa Plateau Noir. Si ule wa kukimbia na bunduki na kupiga kila kinachotikisika. Hapa unakaa juu kama Mungu, unaangalia milima, unatuma vikosi: hawa wapite bondeni, hawa wangoje nyuma ya ukuta. Sehemu ya kwanza tuliicheza miaka miwili. Mashine ikipata joto, mmoja wetu anashika kartoni na kuipepea kama anavyopepea mbabula, jiko la makaa. Kazi hiyo ilikuwa ya zamu. Zamu yangu ilikuwa inarudi mara nyingi kuliko za wengine, sijui kwa nini.

Sasa mwaka ule, mwaka barabara ya Sake ilipofungwa kwa sababu ya vita, Goma ikajaa wakimbizi mpaka kwenye mawe ya volkano, watengenezaji wa mchezo wakatangaza Plateau Noir ya pili. Wakaandika na sentensi moja ndogo iliyotuvunjia amani: kwamba mchezo utatembea kwa picha thelathini kwa sekunde, “ili kulinda kina chake.”

Kwa asiyejua: picha ya mchezo haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zinapita mbio mpaka jicho linadanganyika. Zikipita thelathini kwa sekunde, jicho linakubali. Zikipita sitini, jicho linashukuru. Kwa kompyuta ya Buhendwa zilikuwa zinapita kumi na mbili, na jicho lilikuwa linaomba msamaha.

Etat-Major ikagawanyika. Valentin, jenerali wetu wa kwanza (ni yeye aliyefungua kikundi), akashika upande wa sitini. Mimi nikashika upande wa kina. Tulibishana wiki mbili. Nilituma sauti za dakika sita sita. Niliandika ujumbe mmoja wenye utangulizi, maendeleo na hitimisho, kama walivyotufundisha mu dissertation, nikieleza kwamba vita bila njaa, bila uchovu na bila habari zinazopotea njiani si vita, ni dansi. Ujumbe ule ulipata kidole gumba kimoja. Mwenye kidole akaomba pardon, alikuwa amebonyeza vibaya.

Nyumbani nako kulikuwa kumejaa. Mama yangu mdogo Séraphine alikuwa ametufikia kutoka milima ya Masisi, kwa miguu, na watoto watatu na godoro moja ambalo sijaelewa mpaka leo nani alilibeba. Simu yake ilianguka njiani watu walipokimbia, lakini kadi ya simu aliiokoa: alikuwa ameitoa mapema na kuifunga mu pembe ya kitenge, kama wengine wanavyofunga pesa. Simu yangu ina nafasi mbili za kadi. Ya kwanza ilikuwa na kadi yangu. Ya pili tukaweka ya Mama Mudogo.

Mume wake, Papa Cyprien, alibaki nyuma na ng'ombe. Walipoachana kwenye njia panda, Séraphine alikuwa hajajua kama atafika Goma kwetu au kama risasi zitamsukuma upande mwingine, kwa Emerance, dada yao mkubwa yeye na mama yangu, karibu na Rumangabo. Basi wakapatana hivi: Jumamosi ya tatu toka siku ile, saa tisa za mchana, Cyprien atapanda kilima kimoja ambacho rezo ya simu inashika, ataomba simu ya mutu na atapiga. Bibi, yaani mke wake, akipokea, yuko Goma, na Cyprien atatafuta njia ya kuja Goma. Simu isipopita, basi bibi yuko kwa Emerance, kule ambako minara ya rezo ilishaanguka, naye atamfuata Rumangabo.

Na kufika Rumangabo kutoka kule kulikuwa kuvuka mstari wenyewe, mahali pande mbili zinapopigana. Mama Mudogo alinieleza hayo yote akiwa anachagua mawe mu maharage, bila kuinua macho.

“Hilaire,” akasema, “hii simu yako iko na mutu wangu ndani.”

“Mama Mudogo,” nikamjibu, “hii simu ni kama kanisa.”

Na nilimaanisha. Shida ya makanisa ni kwamba yanafunguliwa kwa kila mutu.

Jumamosi ya tatu ilifika. Ilikuwa pia, na hii si mimi niliyeipanga, siku ya watengenezaji kuonyesha Plateau Noir ya pili kwa dunia nzima, saa nane za mchana, moja kwa moja kwenye mtandao. Buhendwa hana mtandao. Valentin alikuwa na mega nyingi za mtandao kwenye kadi yake, forfe, kifurushi cha wikendi, lakini kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka kama lava iliyopoa. Mimi nilikuwa na kioo kizima na mega sifuri. Maadui wawili wakaungana: kadi yake, simu yangu.

Lazima kadi moja itoke. Mutu mwenye akili angetoa yake. Mimi sikutoa yangu kwa sababu nilikuwa nangojea Bénédicte wa chorale ya kanisa anipigie. Bénédicte hajawahi kunipigia. Hana hata namba yangu. Lakini huwezi kujua.

Nikatoa kadi ya Mama Mudogo, nikaifunga mu karatasi, nikaiweka mfukoni mwa shati na kuupiga mfuko mara mbili. Mpango wangu ulikuwa wa kijeshi kabisa: onyesho linaanza saa nane, nitaliacha saa tisa kasoro robo, nirudishe kadi, nikimbie nyumbani (ni dakika tano), nimkabidhi simu. Mama Mudogo alikuwa amesharudi kutoka ziwani kuchota maji, amekaa mlangoni kwetu kungoja.

“Hautachelewa?” aliniuliza nikiondoka.

“Mama Mudogo, unasema na Kanali.”

Kwa Buhendwa tulikuwa vichwa sita juu ya simu moja. Valentin alikaa katikati kwa sababu mega ni zake. Kulia kwake alikaa Patricia, anayesoma umeme mu shule ya ufundi. Patricia hayumo mu kikundi. Tulimpa ukapteni, akaukataa, akasema yeye huja kucheza tu. Anatupiga wote.

Onyesho likaanza. Kwa kusema ukweli, lilikuwa likitufikia kwa picha moja kila sekunde tatu. Mlima. Tunangoja. Mlima uleule na gari. Tunangoja. Gari limeshaungua, hatukuona nani alilichoma.

“Mumeona?” Valentin akapiga kelele. “Mumeona inavyoteleza laini? Ile ni sitini!”

“Sitini ya wapi?” nikamwambia. “Hii ni sitini kwa saa!”

“Ni rezo, bwana! Angalia kivuli cha gari. Kivuli hakikatiki. Mutu anayejua anaona.”

“Mutu anayejua ataangalia kule juu kushoto. Unaona ile alama ya betri? Kila kikosi kina redio, kila redio ina betri. Betri ikiisha hawasikii amri yako. Hiyo ndiyo kina, njo hiyo! Wakikosa jibu wanafuata amri ya mwisho waliyopewa, hata kama inawapeleka shimoni. Hakuna mchezo uliowahi kufanya vile.”

“Betri! Mutu anunue mchezo aje aangalie betri?” Valentin akacheka na kugeukia wengine. “Huyu kwao moto wa umeme unakatika kila siku, anataka ukatike na mu mchezo.”

Walicheka wote. Hata mimi nilicheka, halafu nikakumbuka mimi ndiye ninayechekwa.

Kutoka upande wa Sake ukasikika mlio mzito, bum, ule unaotikisa mabati kidogo.

“Hiyo ni ya video?” Valentin akauliza.

“Hapana,” Buhendwa akajibu kutoka mlangoni, “hiyo ni ya kwetu.”

“Ah. Basi ongeza sauti.”

Nikaongeza sauti. Tuko watu wa namna hiyo.

Mu katikati ya onyesho simu ikapata joto ikazimika. Tukaipepea na kartoni, ikawaka tena, ikatafuta rezo ya kadi ya Valentin, ikaipata. Tukaendelea. Mwishoni mzungu mmoja mwenye ndevu akasema kitu kirefu juu ya picha na kina, na sentensi yenyewe ilikatika pale pale tulipokuwa tunaihitaji. Tukabaki na mdomo wake wazi kwenye kioo. Valentin akaapa mdomo ule ulikuwa unasema “sitini.” Mimi nikaapa ulikuwa unasema “thelathini”, angalia ulimi ulivyo kati ya meno. Tukabishana juu ya ulimi wa mzungu.

“Ninyi,” Patricia akasema, “munabishana juu ya mchezo ambao hautafika huku, kwa mashine ambayo hatuna.”

“Njo maana tuko huru kubishana,” nikamjibu. “Ungekuwa hapa, tungeucheza tu.”

Hilo lilipendwa. Nilipigiwa makofi, na makofi yananiharibu. Nikasimama na kuanza hotuba. Nilieleza tofauti ya picha thelathini na picha sitini: kwamba kati ya picha moja na nyingine kuna nafasi ndogo sana, sehemu ya sitini ya sekunde, na kwamba mutu wa mbinu hapaswi kuogopa nafasi hiyo ndogo kwa sababu vita haviishi mu sekunde, vinaishi mu saa na mu siku. Nikatupia jicho saa ya simu. Saa nane na dakika kumi na tano. Nikaona niko na muda mzuri, robo tatu ya saa kabla ya simu ya Cyprien. Nikaendelea.

Mutu mwenye akili angejiuliza namna gani onyesho lililoanza saa nane, likatuchukua zaidi ya saa nzima, limeisha saa nane na robo. Mimi nilikuwa nahesabu sehemu za sekunde.

Mlangoni akasimama Mama Mudogo Séraphine. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kile cha misa, na viatu. Alivivaa kwa ajili ya kupokea simu.

“Hilaire. Amepiga?”

“Bado, Mama Mudogo. Ni saa nane na robo. Nilikuwa nakuja.”

“Redio ya jirani imeshasoma habari za saa tisa.”

Patricia akainua mkono wake na kuangalia saa yake, ile ya mshale. Akaangalia simu yangu. Akaiangalia kwa huruma ya mutu wa umeme.

“Kadi ya Valentin ni ya kampuni gani? Simu yako ilipowaka tena imeipa saa ya Kinshasa,” akasema. “Hapa ni saa tisa na robo.”

Kinshasa wako nyuma yetu saa moja. Nchi yetu ni kubwa, jua linachelewa kuwafikia. Hii anaijua hata mutoto wa shule ya primaire, na mimi niliijua toka primaire, na nilipata pointi nane juu ya kumi kwenye swali hilo.

Hakuna aliyecheka. Mama Mudogo hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mutu anayeuliza njia:

“Kadi yangu iko wapi?”

Nikaitoa mfukoni. Patricia akatoa hereni yake, akaichoma kwenye tundu la kadi, akatoa ya Valentin, akarudisha ya Mama Mudogo. Tukangoja rezo. Katika maisha yangu yote sijawahi kuangalia kioo namna hiyo, na hakikuwa na picha hata moja.

Ujumbe ukaingia, ule wa kampuni ya simu: namba fulani imekutafuta mara nne. Ya mwisho, dakika saba zilizopita.

“Tumpigie!” Valentin akasema.

Kadi ya Mama Mudogo haikuwa na unite, salio la kupigia. Yangu ilikuwa nazo kidogo, nilizozitunza kwa ajili ya Bénédicte. Nikapiga, nikaweka sauti kwa wote. Akapokea mwanaume, na upepo mwingi nyuma yake.

“Allô? Ni Habarurema wa juu ya kilima. Munatafuta nani?”

“Kuna muzee amepiga kwa simu yako,” Mama Mudogo akasema. “Cyprien.”

“Yule wa kofia ya sufu? Amepiga mara ine, haikupita. Akasema merci, akashuka. Amesema bibi yake yuko Rumangabo, anaenda kumufuata.”

Mama Mudogo akashika ukingo wa televizioni ya mupira. Na sisi, Etat-Major, tukaanza kufanya kile tunachojua. Valentin alishanyanyua vifuniko vitatu vya chupa na kuvipanga juu ya meza: hapa Cyprien, hapa mstari, hapa Rumangabo. “Tutume motari na pikipiki yake kutoka upande wa Rutshuru,” akasema, “amukatie njia kwa mbele.” Mimi nikasema hapana, motari atakwama kwenye barrière ya askari, bora mutu apite mu parc ya wanyama. Mutu gani, sikusema. Nilisogeza kifuniko kimoja. Nilisogeza kifuniko, wasomaji, nikiwa na miaka ishirini na moja na diploma ya serikali.

Mama Mudogo hakutuangalia hata kidogo.

“Habarurema, bado unamuona?”

“Ninamuona. Yuko mbali, ameshafika karibu na ng'ombe zake, pale chini. Ni mudogo kama harage.”

“Muite.”

“Mama, niite ‘Cyprien’? Siku hizi huku mutu akisikia jina lake linaitwa nyuma, hageuke. Anakimbia.”

Ilikuwa kweli. Wote tuliijua kuwa kweli, hata sisi wa vifuniko. Mama Mudogo akafunga macho. Nilimuona akitembea kule kilimani bila kusogea mguu.

“Kuko ng'ombe mwekundu hapo chini? Mwenye pembe moja imeinama?”

“Yuko.”

“Anaitwa Bihogo. Piga kelele sana, useme Bihogo ameingia mu shamba ya mutu.”

“Hajaingia, mama. Amelala.”

“Papa, wewe sema ameingia! Sema anakula maharage ya watu!”

Kule kwao Masisi, vilima vinaongea. Mutu anasimama huku, mwingine kule, bonde katikati, na habari inavuka bila unite. Tukamsikia Habarurema akiweka simu chini, au akiishusha tu, halafu ile sauti, ndefu, yenye mawimbi, sauti ya mutu aliyezaliwa juu ya mlima: “Biiihogooo! Bihogo ari mu bishyimbooo!” Na hata asiyejua Kinyarwanda angeelewa kwamba hayo ni mashitaka.

Upepo.

“Habarurema?”

“Ngoja, mama.”

Buhendwa alikuwa amezima televizioni zote mbili. Watoto wa mupira walikuwa wameshika manette zao za kuchezea bila kulalamika.

“Amegeuka,” Habarurema akasema. “Eh! Mama! Anakuja mbio. Ako na fimbo. Mama, muniambie upesi, huyu ni mutu wa hasira?”

“Kidogo,” Mama Mudogo akasema.

Tulingoja. Kupanda kilima si kama kubonyeza mahali kwenye ramani. Nilikuwa naangalia unite zangu zinavyokwisha, Valentin akarudisha kadi yake mu simu yake yenye kioo cha lava na kunihamishia zake zote bila kusema neno, akibonyeza kwa kukisia. Mwishowe tukasikia mapumzi, halafu sauti nene:

“Ni nani amesema Bihogo yuko mu maharage? Nani? Huyu ng'ombe amelala! Hajagusa hata jani! Niko na mashahidi!”

“Cyprien,” Mama Mudogo akasema.

Mapumzi yakasimama.

“Ni mimi. Niko Goma. Niko Keshero, kwa dada. Batoto bote batatu niko nao.”

Tulisikia tu kitu kama kikohozi, halafu tena, na Patricia akageuka akaangalia ukuta, na mimi nikaangalia viatu vya Buhendwa.

“Simu haikupita,” Cyprien akasema mwishowe. “Mara ine. Kwa nini, juu ya nini haikupita?”

Nilifikiri Mama Mudogo atanisitiri, atasema betri, atasema rezo. Mama wadogo wengi wanafanya hivyo. Yeye akanyoosha mkono na kunipa simu.

“Mueleze.”

“Papa Cyprien,” nikasema, “ni Hilaire. Mutoto wa dada yake. Ni mimi nilitoa kadi.”

“Uliitoa juu ya nini?”

“Kulikuwa mchezo.”

“Ya mupira?”

“Hapana, Papa. Ya vita.”

Nikamsikia akiweka fimbo chini.

“Ulikuwa unacheza vita.”

“Hapana, Papa, siyo kucheza. Mchezo wenyewe haujatoka bado. Tulikuwa tunabishana kama ukitoka utakuwa muzuri namna gani.”

Nilimsikia akimgeukia Habarurema na kumtafsiria, polepole, kipande kwa kipande. Habarurema aliomba aambiwe tena. Halafu nilisikia mutu akicheka juu ya kilima cha Masisi, kicheko kirefu cha afya nzuri, na kilikuwa changu mimi peke yangu. Kiliniuma na kilinifaa.

Cyprien hakucheka. Akauliza: “Wewe uko mu muji. Njia ya kuja huko iko wapi? Sake inapita?”

Hilo ndilo swali. Nilikuwa na milima yote ya Plateau Noir kichwani. Nilijua kikosi kinatumia maji kiasi gani kikipanda, nilijua betri ya redio inadumu muda gani. Valentin aliangalia vifuniko vyake. Mimi nikasema:

“Sijui, Papa.”

Wiki mbili nzima sikuwa nimetamka neno hilo.

Ni Buhendwa aliyejibu kutoka mlangoni, Buhendwa asiye na cheo: Sake haipiti, ashuke mpaka Minova, kuna boti za kubeba viazi zinazovuka ziwa kuja bandari yetu ya Kituku, watu wanapanda. Mama Mudogo akachukua simu na kumrudishia mume wake neno kwa neno.

“Na Bihogo?” Cyprien akauliza.

Boti ya viazi haipandishi ng'ombe. Kila mutu mle ndani alilijua hilo, na Cyprien naye alilijua. Aliuliza tu ili mwingine aseme.

“Muachie ndugu yako,” Mama Mudogo akasema.

Unite zikaisha hapo.

Simu Mama Mudogo hakunirudishia. Aliifunga mu pembe ya kitenge, palepale ilipokuwa kadi yake, akatoka. Nyumbani alimwambia mama yangu maneno matatu, na jioni ile nilipewa kazi: kuanzia kesho, kila asubuhi, niko Kituku, naangalia kila boti. Nikauliza nitamtambuaje, sijamuona toka nikiwa mudogo. “Utamutambua,” Mama Mudogo akasema. “Ataonekana kama mutu aliyeacha kitu.”

Nililinda bandari siku tisa. Jua lilinipiga, wauza samaki wakanizoea, wakaanza kunituma. Valentin alikuja siku ya nne kunieleza kwamba yule mzungu ameandika tena, alikuwa amesema “arobaini,” na kwamba kikundi sasa kimegawanyika mara tatu. Nikamsikiliza huku nikihesabu kofia zinazoshuka kwenye boti. Siku ya saba alikuja tena, hakusema kitu juu ya mchezo, alikaa na mimi mpaka boti ya mwisho.

Siku ya tisa, kati ya magunia ya viazi, alishuka muzee mwenye kofia ya sufu, suruali imekunjwa mpaka magotini, fimbo mkononi, na kamba ya ng'ombe imezungushwa begani. Kamba tupu. Akasimama ndani ya maji akiangalia watu, nami nikaingia mpaka magotini kumpokea.

“Wewe njo Hilaire?”

“Njo mimi, Papa.”

Aliniangalia muda. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya msamaha, yenye utangulizi, maendeleo na hitimisho.

“Nishikie,” akasema tulipotoka majini, akanivalisha ile kamba shingoni ili apate kukunjua suruali. Halafu akaanza kutembea, nami nikamfuata, ingawa ni mimi niliyejua njia, nikawa namwambia kwa nyuma: kushoto, Papa, sasa kulia, angalia jiwe.

Nyumbani Mama Mudogo alikuwa kwenye mbabula. Watoto walimrukia. Yeye alimngoja amalizane nao, akamuangalia kutoka miguu mpaka kofia.

“Umekonda,” akasema.

“Kidogo,” akajibu.

Alimsogezea kiti, akamvua kofia mwenyewe, akaikung'uta vumbi. Halafu akanigeukia.

“Hilaire, leta maji anawe.”

Nikachukua bidoni ya kuchotea maji na kushuka ziwani mbio. Njiani watu walikuwa wananicheka, na nilishindwa kujua kwa nini mpaka nilipoinama kuchota nikajiona mu maji: Kanali wa Keshero, amefungwa kamba ya ng'ombe shingoni, na mutu wa kuifungua hakuna.